Wasomaji Wanauliza: Kusomea na Kufanya Kazi ya Ushauri wa Uraibu

Barua za mara hii zimetoka Malindi na Lamu, nyingi kwa vijana wanaotaka kusomea kazi ya kuwashauri waraibu na wengine walio tayari kwenye mafunzo. Majina tumeyaacha, na barua tumezifupisha.

Nilimaliza kidato cha nne nikapata C. Naishi Majengo, Malindi. Nataka kuwa mshauri wa waraibu, na kuna watu wananiambia semina ya wiki moja inatosha, nikishapata cheti naanza kazi. Ni kweli?

Si kweli, na aliyekwambia huenda ndiye anayeuza hizo semina. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na sheria hiyo inamtaka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa. Semina ya wiki moja haikusajili popote.

Kwa C yako mlango ulio wazi ni stashahada ya ushauri nasaha, ambayo kwa kawaida ni miaka miwili. Shahada kwa kawaida inataka C+, lakini mwenye stashahada nzuri anaweza kupandia hapo baadaye. Kabla hujalipa karo, nenda chuoni ukaulize kwa mdomo wako: kozi hii imeidhinishwa na nani, mafunzo ya vitendo ni saa ngapi na yanafanyikia wapi, na nani atakayenisimamia nikiwa na mteja. Wakikujibu kwamba mafunzo ya vitendo utajitafutia mwenyewe, jua kwamba utamaliza ukiwa na cheti na hujapata kukaa na mteja hata mmoja mbele ya msimamizi.

Stashahada ya ushauri wa jumla haitoshi kwa uraibu. Juu yake unaongeza Mtaala wa Matibabu wa Kimataifa, unaojulikana kwa ufupi kama UTC, uliotayarishwa chini ya Colombo Plan, shirika la ushirikiano wa nchi za Asia na Pasifiki. Ngazi yake ya msingi ina kozi nane: namna dawa za kulevya zinavyofanya kazi mwilini, hatua za matibabu, maradhi ya akili na ya mwili yanayoandamana na uraibu, stadi za msingi za ushauri, upokeaji na tathmini ya mteja pamoja na uandishi wa faili, ufuatiliaji wa mteja, hali za dharura, na maadili. Wanafunzi wengi huipitia kozi ya kwanza mbiombio kwa kuwa ina majina ya kemikali, wakakimbilia ya nne. Sisi tunasema ikariri hiyo ya kwanza, na barua zinazofuata hapa chini zitakuonyesha sababu.

Wakati unangoja chuo kifunguliwe, omba kujitolea. Malindi si mahali pa kukosa pa kujifunzia: Omari Project imekuwa ikiwahudumia watumiaji wa unga, yaani heroini, tangu miaka ya 1990, na kliniki ya methadoni, dawa inayonywewa badala ya unga, katika hospitali ya Malindi ilifunguliwa mwaka 2015, muda mfupi baada ya ile ya kwanza nchini, ya Mathari, Nairobi. Hata kazi ya kupanga faili inakufundisha jambo.

Niko kwenye mafunzo ya vitendo. Mteja akiketi mbele yangu anapiga miayo, anafuta kamasi, kisha ananiambia "mimi sina shida". Dakika kumi tu maneno yameniishia. Nifanyeje?

Kabla ya kutafuta maneno, mtazame. Miayo mfululizo, kamasi, machozi, malaika ya mikononi yamesimama na mboni za macho zimepanuka: huyo ana arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga uliouzoea. Huanza baada ya muda wa saa 8 hadi 12 tangu kete (kipakiti cha unga) ya mwisho, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi ukali wake hupungua ndani ya wiki moja. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kukaa kikao cha saa nzima, na ukimlazimisha atakujibu lolote ili umwachie aende. Fupisha. Dakika 15 au 20, maji ya kunywa, kisha umpeleke kwa muuguzi au tabibu. Kinyume chake, mboni zikiwa ndogo kama ncha ya sindano na kope zinalegea, basi ametumia sasa hivi. Hapo pia kikao hakuna. Kaa naye, angalia anavyopumua, usimwache alale peke yake kwenye benchi la nje.

Akiwa na utulivu wa kutosha, swali la kwanza ni la mwili: mara ya mwisho umetumia nini, lini, kiasi gani na kwa njia gani. Uliza kila kitu peke yake. Ukimuuliza kwa jumla atakwambia unga na bangi, na ataacha bugizi, vidonge vya usingizi anavyomeza usiku, muguka anaotafuna mchana na sigara ambayo hata haihesabu. Dodoso la ASSIST la Shirika la Afya Duniani linakusaidia hapa. Lina maswali manane, na kila kilevi kinapata alama zake: kwa pombe, 11 hadi 26 ni hatari ya kati na 27 kwenda juu ni hatari kubwa, kwa vilevi vingine hatari ya kati inaanzia 4.

Sasa hilo la "sina shida". Usibishane nalo. Tazama mazungumzo haya, ambayo tumeyatunga kwa ajili ya kufundishia:

— Mama ndiye aliyenileta. Mimi sina shida.
— Umekuja kwa ajili ya mama, si kwa ajili yako.
— Ee. Kila kitu kikipotea nyumbani, ni mimi.
— Hata usichochukua unahesabiwa wewe.
— Vingine nimechukua. Redio ya baba nilichukua.
— Na hiyo ya baba imekukaa moyoni.
— Imenikaa. Alikuwa akisikilizia taarifa ya habari kila jioni.

Mshauri hajauliza swali hata moja, na habari ya redio imetoka kwa mteja mwenyewe. Kila alichofanya ni kumrudishia mteja maana ya maneno yake, akiongeza kidogo tu. Hii ndiyo njia ya mahojiano ya kuhamasisha, iliyoanzishwa na William Miller katika miaka ya 1980 na kuendelezwa naye pamoja na Stephen Rollnick. Kipimo cha kujifunzia ni urejeshi wa maneno mara mbili kwa kila swali moja. Rekodi kikao cha igizo na mwenzako, mkae mhesabu. Wengi hugundua wanauliza maswali kumi na tano na kurejesha mara moja. Neno "kwa nini" liweke kabatini kabisa kwa mwezi wa kwanza, maana mteja ameshalisikia kwa mama, kwa polisi na kwa mzee wa mtaa, na majibu yake anayo tayari, yote ya kujitetea. Ushauri nao usiutoe kabla hujaomba ruhusa: "Nina jambo ninalolijua kuhusu hilo, ungependa nikwambie?"

Faili iandike siku hiyo hiyo. Usiandike "mteja hana ushirikiano". Andika: "Anasema alivuta kete 4 jana, ya mwisho saa 3 usiku. Saa 4 asubuhi anapiga miayo, kamasi zinatiririka, mboni zimepanuka. Amekubali kumwona tabibu leo. Kikao kijacho Alhamisi." Atakayelisoma faili hilo baada yako ataweza kufanya kazi.

Niliacha unga miaka mitatu iliyopita. Niko Lamu. Je, mtu kama mimi anaweza kuwa mshauri, au lazima awe mtu ambaye hajawahi kuonja?

Unaweza, ndugu yetu, na vituo vingi vinakutafuta. Lakini kuna kazi mbili na watu huzichanganya. Mwelimishaji rika hufika maskani, vijiwe vya watumiaji, huwatoa watu huko, huwasindikiza kliniki, na kupona kwake ndicho cheti chake. Mshauri anahitaji masomo yaleyale tuliyomweleza kijana wa Majengo. Anza na ya kwanza, soma uende ya pili.

Kinachowaangusha walioacha ni kudhani kwamba njia iliyowafaa wao itamfaa kila mtu. Aliyeacha kwa arosto kavu, bila dawa, akiwa amejifungia chumbani humdharau anayekunywa methadoni, na mteja anayaona hayo machoni mwake. Jingine ni kurudi maskani ya zamani peke yako. Nendeni wawili, mchana, na uwe na mtu wa kumpigia simu jioni ile ile ukihisi mwili umekumbuka.

Kuna mzee anakunywa mnazi tangu alfajiri, na wanawe wameniomba nimshauri aache mara moja, nyumbani. Naona ni rahisi kuliko unga. Nianze vipi?

Usianze. Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote katika barua za leo. Arosto ya unga inatesa, lakini mtu mzima asiye na maradhi mengine ni nadra kufa nayo. Kuacha pombe ghafla baada ya miaka ya kunywa kila siku kunaweza kuua.

Kwanza pima anakunywa kiasi gani. Katika AUDIT, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima unywaji wa pombe, lenye maswali 10, kinywaji kimoja cha kawaida ni gramu 10 za alkoholi. Mnazi ukiwa na nguvu ya asilimia 5 hivi, kinywaji kimoja ni mililita 250, kwa hivyo chupa ya nusu lita ni vinywaji viwili. Mzee wa chupa sita kwa siku anakunywa 12. Kumbuka mnazi haukai mahali pamoja: wa asubuhi ni mtamu, wa jioni umeshachacha na una nguvu zaidi, basi uliza anakunywa wa saa ngapi. Alama 8 za AUDIT ni onyo; 20 kwenda juu, fikiria utegemezi.

Kisha uliza maswali mawili ambayo wanawe hawajayafikiria. Akiamka kabla ya kunywa, mikono inatetemeka? Na je, ameshawahi kuanguka kifafa au kuweweseka alipokosa pombe? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya haya, mzee ni wa hospitali. Mtetemo huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho. Kifafa mara nyingi kati ya saa 6 na 48. Na kuweweseka kwenyewe, pamoja na homa, kuona visivyokuwepo na moyo kwenda mbio, huja siku ya pili hadi ya nne, pale ambapo familia imeshaanza kusema alhamdulillahi amepona. Hospitali watampa dawa za kutuliza kwa kipimo kinachopunguzwa siku baada ya siku, na vitamini B1, ambayo hutangulia kabla ya kutundikiwa glukosi.

Mpaka afike hospitali, waambie wanawe wasimnyang'anye mnazi. Ndiyo, umesoma sawa. Na tahadhari hii ni ya bugizi pia: aliyezimeza kila siku kwa miezi hapaswi kuziacha kwa usiku mmoja. Wapo wanaotafuna muguka mchana kutwa na kumeza bugizi usiku wapate usingizi. Hawa huja wakitaka msaada wa muguka, na muguka ndio ulio mwepesi kuacha kati ya hivyo viwili.

Mimi ni mshauri mwanafunzi Langoni, Lamu. Hapa kila mtu ni mtoto wa ami wa mwenzake. Nitatunza vipi siri ya mteja ikiwa nakutana naye mara nne kwa siku?

Dada yetu, vitabu vingi vya maadili vinasema usimsalimu mteja njiani mpaka akuanze yeye. Aliyeandika hayo hajapita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu. Lamu ukimpita mtu bila salamu, ndipo watu watakapouliza kuna nini kati yenu. Kwa hivyo lipangeni katika kikao cha kwanza: "Tukikutana nje, tusalimiane vipi?" Wengi watachagua salamu ya kawaida, basi. Usiulize hali kwa sauti ya mtu anayejua jambo, na usimwambie "tutaonana Jumanne".

Jamaa wa damu usimchukue. Mpe mwenzako, na usilifungue faili lake hata kwa nia njema. Kama kituo kina mshauri mmoja tu, mpeleke rufaa nje ya kisiwa, hata ikigharimu nauli ya boti hadi Mokowe na safari ya mbele.

Simu za nyumbani huwa za wengi, kwa hivyo ujumbe usitaje kliniki wala dawa. Habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na daftari la mahudhurio lililoachwa wazi mezani, kila anayekuja kutia sahihi akisoma majina yaliyo juu yake, ni uvunjaji wa siri kama uvunjaji mwingine wowote. Mpe kila mteja nambari.

Wala usimwahidi siri isiyo na mpaka. Mwambie mapema, kwa maneno mepesi, kwamba yapo utakayolazimika kuyasema: akitaka kujiua au kumdhuru mtu, mtoto akiwa hatarini, au mahakama ikiamuru. Mama akija kuuliza "amesema nini leo?", jibu ni moja kila siku: "Mama, ya humu ndani ni yake. Muulize yeye, na ukitaka tukae sote watatu, tumwombe."

Mteja wangu ana miezi minne kwenye methadoni. Ramadhani inakaribia na anataka kufunga. Anasema atasimamisha dawa mwezi mzima, kisha aendelee baada ya Idi.

Mweleze hesabu hii kabla ya jambo lolote. Methadoni huanza kwa kipimo kidogo, kati ya miligramu 10 na 30 siku ya kwanza, ikapandishwa polepole. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Tuseme yeye yuko 90. Akiacha, siku ya pili au ya tatu arosto itamshika, na wakati huohuo mwili unaanza kuisahau dawa. Akirudi baada ya Idi akanywa 90 yake ya zamani, anaweza kuacha kupumua. Ndiyo maana anayekosa siku tatu mfululizo hupimwa upya kabla ya kupewa dawa, na akizidi siku tano kwa kawaida huanzishwa chini tena.

Suala la funga yenyewe si letu. Dawa inanywewa, na ruhusa ya mgonjwa ataisikia kwa sheikh wake. Kazi yako ni kumsindikiza, umweleze sheikh kwamba hii ni tiba ya kila siku iliyoandikwa na daktari, maana wapo wanaodhani ni unga wa serikali. Nenda pia kliniki tangu Shaabani, uulize kama kuna mpango wowote wa saa za kunywa dawa kwa wanaofunga. Kwa kawaida dozi hunywewa mbele ya mhudumu, na wazo la kuibeba kwenye chupa ya soda hadi magharibi lizime mara moja: kipimo cha mtu mzima kinaweza kuua mtoto aliyeifungua friji akitafuta kinywaji.

Na kwa kuwa tumeitaja kliniki: mteja aliyetulia akianza dawa za kifua kikuu kisha akalalamika arosto imerudi, msimwite mwongo. Rifampisini huifanya ini kuivunja methadoni haraka. Kipimo kitazamwe upya na daktari.

Kijana tuliyemhudumia alimaliza miezi mitatu kituoni, akarudi mtaani Maweni. Wiki ya pili alikutwa maskani amefariki, sindano iko kando. Tulikosa nini?

Poleni nyote. Hatuna faili lake, lakini wiki za kwanza baada ya kutoka kituoni, au jela, ni za hatari kwa kila mtumiaji wa unga, na sababu ni ile ile ya methadoni: kipimo alichokizoea zamani sasa ni kikubwa kwa mwili wake. Vituo vingi huogopa kulisema hili, wakidhani ni kumruhusu kurudia. Lisemwe wazi wiki mbili kabla ya kutoka, mbele ya jamaa mmoja aliyemchagua mwenyewe: ukiteleza, usitumie kiasi cha zamani, usitumie peke yako, usichanganye na bugizi wala pombe.

Jamaa huyo afundishwe dalili: mkoromo mzito usio wa kawaida, midomo kugeuka rangi, pumzi moja moja, haamki hata ukimsugua kifua kwa ngumi. Apige simu ya msaada, amlaze chali, ainue kidevu, abane pua, ampulizie pumzi moja kila sekunde tano. Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, ikiwepo, miligramu 0.4 msuli wa paja, irudiwe baada ya dakika 2 hadi 3 asipopumua. Akishapumua alazwe ubavu, na asiachwe: naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, na unga au methadoni bado imo mwilini. Kumwagia maji na kumnywesha maziwa hakusaidii, na maziwa yanaweza kuingia mapafuni.

Kuna mtu analipisha kuwaweka vijana shambani kwake, anasema anawatibu kwa dua na kazi. Nina kaka yangu. Nimpeleke?

Dua haina ubaya na kazi haina ubaya. Piga kwanza simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, uulize kama mahali hapo pameidhinishwa. Kisha nenda mwenyewe bila kutoa taarifa, umuulize mwenye shamba tabibu wake ni nani na anafika baada ya muda gani kijana akianguka usiku, naloksoni iko kabati gani, na karatasi ya ridhaa anayotia sahihi mteja iko wapi. Omba uzungumze faragha na vijana wawili walio humo. Ukiona mnyororo au kufuli ya nje kwenye mlango wa kulala, au ukinyimwa hao vijana wawili, rudi nyumbani, na kaka yako usimpeleke.